Kompyuta Inapoganda Katikati ya Gemu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe nyumbani ina raha yake na ina adhabu yake. Raha ni kwamba kila kifaa kilichomo ndani umekichagua kwa mkono wako. Adhabu ni kwamba siku inapoanza kuganda huna muuzaji mmoja wa kumrudishia mzigo wote, kwa sababu prosesa (ubongo wa kompyuta) ilitoka duka hili, pawasaplai (kifaa kinachoigawia umeme) duka lile, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha, uliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia miaka miwili. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua. Mimi nilikimbilia. Kompyuta yangu, yenye prosesa ya Ryzen 5 3600 na kadi ya GeForce RTX 3060, ilikuwa ikiganda baada ya dakika 20 hadi 40 za kucheza, picha ikisimama na sauti ikikwama katika mlio mmoja kama wa nyuki, na kwa kuwa ilifanya hivyo kwenye gemu tu, kila niliyemuuliza alisema mgonjwa ni kadi ya grafiki. Niliazima kadi nyingine, ikaganda. Nikanunua pawasaplai mpya, ikaganda. Ugonjwa ulikuwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na dalili yake ilikuwa mbele ya macho na masikio yangu tangu siku ya kwanza.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata leo: kwanza kutazama, kisha kusoma yaliyoandikwa na mfumo, kisha kujaribu mambo yasiyogharimu kitu, na mwisho kabisa kubadilisha vifaa. Katika hatua zote, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na uliandike kwenye daftari. Ukisafisha vumbi, ukaweka draiva mpya (programu inayoendesha kifaa) na kuhamisha kebo siku hiyohiyo, kisha kompyuta ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikirudia ugonjwa utaanza upya kutoka mwanzo.

Inagandaje hasa?

Neno kuganda linabeba mambo kadhaa yasiyofanana, na kila moja lina njia yake. Kwa hiyo iache kompyuta igande tena ukiwa unaitazama kwa makusudi.

Ikiwa picha imesimama lakini muziki wa gemu unaendelea, na wenzako unaocheza nao mtandaoni bado unawasikia wakikuita kwenye hedifoni, basi prosesa na RAM zingali kazini. Aliyelala ni kadi ya grafiki au draiva yake. Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu, na isipojibu huianzisha upya, ndiyo maana wakati mwingine skrini huwa nyeusi kidogo kisha ikarudi huku gemu limejifunga. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo ni amri ya kuianzisha upya draiva ya skrini, na picha ikirudi umekwisha kupata nusu ya jibu. Jamaa wa karibu wa dalili hii ni skrini kuwa nyeusi ghafla huku feni za kadi zikivuma kwa nguvu zao zote: hapo kadi imepoteza mawasiliano na kompyuta au imekosa umeme kwa kitambo, na kebo zake ndizo za kwanza kuangaliwa.

Ikiwa kila kitu kimesimama kwa mpigo mmoja, sauti ikirudiarudia kipande kifupi kilekile, na ukibonyeza Num Lock taa yake kwenye kibodi haiwaki wala haizimi, mfumo mzima umekufa. Sauti hurudiarudia kwa sababu kifaa cha sauti kinaendelea kusoma kipande cha mwisho kilichobaki kwenye kumbukumbu, na hakuna tena wa kukiletea kingine. Hii ndiyo iliyokuwa dalili yangu. Kadi ya grafiki inaweza kuleta hali hiyo ikiikwamisha njia ya PCIe inayoiunganisha na ubao mama, ubao unaobeba vifaa vyote, lakini mara nyingi dalili hii inaelekeza kwenye RAM, prosesa, au volti zinazowekwa na BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, na kama ningeijua maana yake nisingeazima kadi ya mtu.

Kompyuta inayozimika kama taa iliyozimwa kwenye swichi, au inayojiwasha upya bila hata skrini ya bluu, inazungumzia umeme au ulinzi wa joto kali. Na ile inayosimama kwa sekunde tano au kumi kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mara nyingi inasubiri diski, au RAM imejaa na Windows inahamishia data kwenye diski. Hapa niseme jambo moja la pembeni: kuna ushauri wa zamani unaosambaa wa kuzima kabisa faili la kubadilishana data, lile ambalo Windows huliita pagefile, ili eti gemu liende kasi. Usiufuate, na kama uliufuata zamani, lirudishe leo kabla ya kuendelea na lolote.

Pamoja na hayo, andika gemu lililokuwa likichezwa, dakika zilizopita tangu kuanza, saa ya siku, na vyombo vingine vilivyokuwa vikitumia umeme nyumbani. Kama ni gemu moja tu linaloganda na mengine yote yanakwenda saa nne bila taabu, usifungue kasha. Kagua mafaili ya gemu hilo kupitia Steam au programu uliyolinunulia, na usome mabadiliko ya toleo lake la mwisho.

Yaliyoandikwa na Windows

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika perfmon /rel, utafunguliwa ukurasa wa Reliability Monitor unaoonyesha kalenda ya siku na alama nyekundu penye ajali. Kwa maelezo ya ndani zaidi, andika eventvwr.msc, ufungue Windows Logs kisha System, na utafute dakika ileile uliyoiandika kwenye daftari.

Utakutana karibu kila mara na Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona hudhani wamepata ushahidi kwamba pawasaplai ni mbovu, kwa sababu ya jina lake. Sivyo. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta iliwashwa upya bila kuzimwa kwa utaratibu, na itaandikwa hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyeshikilia kitufe cha kuzimia baada ya kompyuta kuganda. Ni cheti cha kifo kisichotaja ugonjwa.

Zenye uzito ni nyingine. Jina nvlddmkm ni la draiva ya NVIDIA, na tukio namba 4101 la Display husema draiva ya skrini iliacha kujibu kisha ikarejea. Yote mawili yanakurudisha kwenye kadi. WHEA-Logger ni vifaa vyenyewe vikilalamika kupitia prosesa: namba 19 ni kosa lililosahihishwa, namba 18 ni kosa lililoua mfumo. Ukikuta za namba 19 zimejaa, hata kama kompyuta haijaganda leo, jua kwamba kuna kitu kinachokimbizwa kuliko uwezo wake. Namba 7 na 153 za chanzo kiitwacho disk, pamoja na 129 ya storahci au stornvme, ni za diski. Hapo weka kando mengine yote, nakili mafaili yako muhimu kwanza, kisha ukague afya ya diski kwa CrystalDiskInfo.

Na kama hakuna chochote kilichoandikwa isipokuwa hiyo 41, ukimya huo nao ni habari. Maana yake kompyuta ilikufa ghafla kiasi cha kukosa nafasi ya kuandika, jambo linaloendana na RAM, prosesa na umeme kuliko draiva.

Joto, lisipewe lawama lisilostahili

Sakinisha HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya kompyuta, fungua ukurasa wa vipimo, na uiamuru iandike vipimo hivyo kwenye faili wakati unacheza. Faida yake ni kwamba kompyuta ikiganda, mstari wa mwisho wa faili hubaki, nawe utaona joto, volti na kasi za sekunde za mwisho kabla ya ajali badala ya kubahatisha.

Prosesa ya Ryzen 5 3600 ina kikomo cha nyuzi 95 za Selsiasi, na nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo hupunguza kasi zenyewe. Kwa sababu hiyo joto la prosesa huleta mchezo kwenda kwa kusuasua mara nyingi zaidi kuliko kuganda kabisa, na mtu anayeona nyuzi 78 akaanza kununua vipozaji vikubwa anatibu jino zima. Kinachoganda kwa joto mara nyingi ni kile kisichotazamwa: RAM iliyobanwa juu ya kadi inayofuka, kumbukumbu ya kadi ya grafiki yenyewe, au vipande vya kudhibiti volti kwenye ubao mama wa bei ya chini.

Jaribio lake halina gharama. Ondoa mfuniko wa pembeni, elekeza feni ya mezani ndani ya kasha, ucheze. Kama ilikuwa ikiganda dakika ya 25 na sasa inafika saa mbili, joto lina mkono wake. Kama inaganda dakika ileile, achana nalo. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana, hivyo jaribio la saa kumi alfajiri na lile la saa tisa alasiri si jaribio moja, andika saa. Unapopuliza vumbi, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Na kama kompyuta ni mpya na prosesa inafika nyuzi 95 ndani ya dakika moja, ng'oa kipozaji utazame kama ile nailoni ya kinga iliyobandikwa chini yake uliibandua. Si wewe wa kwanza kuisahau.

RAM

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wajenzi wengi wa kompyuta za nyumbani hujikwaa bila kujua.

Kijiti cha RAM kilichoandikwa kasi ya 3200 kwenye boksi mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2666 mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha mpangilio uitwao XMP, ambao kwenye baadhi ya ubao mama za AMD huitwa DOCP, na kwa RAM za DDR5 za AMD huitwa EXPO. Namba hiyo ya juu ni ahadi ya mtengenezaji wa kijiti. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, na mtengenezaji wa prosesa ana ahadi yake tofauti. Kwa kizazi cha Ryzen 3000, AMD inaahidi 3200 ukitumia vijiti viwili. Ukijaza nafasi zote nne ahadi hiyo inashuka hadi 2933 kwa vijiti vyenye chipu za safu moja, na 2666 kwa vyenye safu mbili. Mimi nilianza na vijiti viwili vya GB 8, nikaongeza vingine viwili mwaka uliofuata vyenye jina lilelile na namba ileile usoni, nikaviacha vyote vikimbie 3200. Kompyuta iliwaka, ikafungua hati, ikacheza filamu, haikulalamika. Ilikuwa ikiganda kwenye gemu tu.

Kwa nini kwenye gemu tu? Kwa sababu barua na kurasa za intaneti hugusa sehemu ndogo ya kumbukumbu na kupumzika, ilhali gemu kubwa huijaza, huisoma bila kituo, na wakati huohuo kadi ya grafiki inapasha hewa yote ndani ya kasha. Kijiti kilichoko ukingoni mwa uwezo wake huvuka ukingo hapo. Vilevile vijiti viwili vyenye nembo moja vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, maana watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa. Ndiyo maana hushauriwa kununua vijiti vyote katika boksi moja.

Utaratibu wa kupima ni huu. Ingia kwenye BIOS, uzime XMP kabisa, ucheze kwa muda mara tatu ya ule uliokuwa ukifikia kabla ya kuganda. Isipoganda, umempata mtuhumiwa bila kutumia hata shilingi. Ili kuthibitisha, washa XMP tena na uendeshe Memtest86+ kutoka kwenye flashi, ukiiacha usiku kucha. Usiridhike na mzunguko mmoja: kwangu mzunguko wa kwanza ulipita safi jioni, na asubuhi nilikuta makosa manne. Kosa moja ni kushindwa, hakuna kusema ni dogo. Ikitokea makosa yanabaki hata XMP ikiwa imezimwa, pima kijiti kimojakimoja katika nafasi ileile, kisha kijiti kizima katika kila nafasi, ili ujue kama kibovu ni kijiti au ni ubao mama.

Kama una vijiti viwili tu, hakikisha vimo katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo ubao mama wengi huziandika A2 na B2. Ukivikuta katika ya kwanza na ya tatu, vihamishe kabla ya kupima lolote. Sukuma kila kijiti mpaka kishikizo kilie. Kijiti kilichoingia robo tatu huweza kuwaka na kufanya kazi mpaka kasha litikisike.

Mimi nilishusha kasi hadi 2666 na kuganda kukaisha siku hiyohiyo. Baadaye nilipandisha hadi 2933 na hali ikabaki njema. Baada ya hapo bado kulikuwa na jambo moja. RAM mbovu huandika data mbovu, na baadhi ya data hiyo huishia kwenye diski. Kwa hiyo fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, uendeshe sfc /scannow, ili mafaili ya Windows yaliyoharibika katika kipindi cha ugonjwa yarekebishwe.

Umeme, kuanzia ukutani hadi kwenye kadi

Namba kubwa iliyochapishwa ubavuni mwa pawasaplai si ya kuaminiwa kabla ya kusoma jedwali dogo lililo kwenye kibandiko chake. Prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka kwenye njia ya volti 12, basi tafuta safu ya +12V, uchukue ampea zake na kuzizidisha kwa 12. Nimeshika mkononi pawasaplai iliyoandikwa wati 600 kwa herufi kubwa, na jedwali lake likasema ampea 25. Yaani wati 300 ndizo zinazofika mahali panapohitaji. RTX 3060 imekadiriwa kula wati 170 na Ryzen 5 3600 huweza kufika karibu 90, hivyo hapo umekwisha kugusa ukingo kabla ya kuhesabu diski, feni na ubao mama.

Kuna na jambo la vilele. Kadi ya kisasa haili umeme kwa utulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huvuta zaidi sana ya makadirio yake, na pawasaplai yenye ulinzi mkali hudhani kuna shoti ikajizima. Kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kiliandikwa kwa kuzingatia hilo, kikiitaka pawasaplai ivumilie mvuto wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Ya zamani inaweza kuwa nzima na bado ikashindwa na kadi mpya.

Jaribu hivi kabla ya kununua: fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, ushushe kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, na uzuie idadi ya picha kwa sekunde isizidi 60. Kompyuta iliyokuwa ikizimika ikitulia, umeme au joto la kadi ndilo tatizo, na faili la HWiNFO64 litakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Kisha angalia kebo. Tundu la PCIe hutoa wati 75, na plagi ya pini 8 imekusudiwa wati 150. Kadi yenye plagi mbili ipewe kebo mbili zinazotoka kwenye pawasaplai kila moja kivyake, badala ya kebo moja yenye vichwa viwili, na kamwe usichukue kebo za pawasaplai nyingine hata kama plagi zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza kila kitu. Plagi ya prosesa iliyo juu kwenye kona ya ubao mama nayo husahauliwa nusu, pini nne zikiwa zimeingia na nne zinaning'inia.

Vipimo vya volti 12 vinavyoonekana kwenye programu vinaweza kudanganya, na multimita ndiyo shahidi mwema. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Usiifungue pawasaplai yenyewe kwa hali yoyote, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi chaji ya kumtupa mtu.

Nje ya kasha, tafuta mambo ya nyumba. Kama daftari linaonyesha kuganda kunatokea jioni tu, pima volti za ukutani saa mbili usiku huku majirani wote wakipika na kutazama runinga. Chomoa kompyuta kwenye ekstensheni iliyobeba friji na pasi, uichomeke moja kwa moja ukutani. Kama inapitia UPS (betri ya akiba) au stabilaiza, iruke kwa usiku mmoja wa majaribio: UPS ndogo ya VA 650 haitoi wati 650, na zile za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lililokatwakatwa ambalo baadhi ya pawasaplai hazilipendi.

Kadi ya grafiki na draiva yake

Dalili zako zikiwa zile za kwanza, sauti ikiendelea huku picha imelala, pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu, kata intaneti, anzisha Windows katika hali salama, uifute draiva ya zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha usakinishe mpya. Intaneti hukatwa ili Windows isikimbilie kuweka draiva yake yenyewe katikati ya kazi. Ikiwa ugonjwa ulianza baada ya sasisho, fanya hivyohivyo lakini urudi kwenye toleo ulilokuwa nalo.

Kisha shusha kasi ya chipu ya kadi kwa MHz 100 kwenye Afterburner. Kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepandishwa kasi kidogo, na baada ya miaka michache, hasa zilizokuwa zikichimba sarafu za kidijitali mchana na usiku, kile kidogo huwa kingi. Kadi inayotulia baada ya kushushwa MHz 100 haijafa. Unaweza kuitumia hivyo kwa muda mrefu na usione tofauti kwa macho. Ukiwa hapo, ing'oe, usafishe meno yake kwa spiriti isiyo na mafuta, uirudishe mpaka ikae sawa, na kama ni nzito na inalemea chini, itegemeze.

Prosesa na BIOS

Prosesa huharibika kwa nadra, isipokuwa katika kesi moja inayojulikana. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14, Core i9-13900K na i9-14900K zikitajwa zaidi, zilianza kuangusha gemu, mara nyingine zikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha ilhali ipo tele. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti ya juu kupita kiasi ilikuwa ikiziharibu, ikatoa marekebisho kupitia BIOS, likiwemo la 0x12B la Septemba mwaka huo, na ikaongeza miaka miwili kwenye dhamana. Ukiwa na mojawapo, sasisha BIOS leo. Lakini marekebisho huzuia madhara mapya na hayafufui chipu iliyokwisha kuumia, na hiyo ni ya kudaiwa dhamana.

Kwa prosesa nyingine, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, ondoa kila ulichopandisha au kushusha kwa mkono, kisha sasisha BIOS ukiwa na umeme wa uhakika, kwani kukatika katikati ya kazi hiyo kunaweza kuua ubao mama.

Kuthibitisha kwamba imepona

Ukishapata chanzo, kirudishe kibaya kwa makusudi mara moja. Washa XMP tena, au rudisha kebo ya zamani, uone kama kuganda kunarudi. Kukirudi, umeshika chanzo chenyewe. Kusiporudi, ulibahatika tu na kazi inaendelea. Baada ya hapo weka marekebisho, cheza gemu lilelile kwa muda usiopungua mara tatu ya ule wa zamani, katika saa ileile ya jioni au alasiri iliyokuwa mbaya zaidi, kwa siku kadhaa. Jaribio la mwisho lifanyike mfuniko wa pembeni ukiwa umerudishwa na skrubu zote zimekazwa, kwa sababu kompyuta iliyopimwa ikiwa wazi juu ya meza haipati joto lile inalolipata ikiwa imefungwa chini ya meza karibu na ukuta.